Yai la Idi na Kuni za Saadani

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za ghala pamoja na kikwanguo changu cha zamani, kile chenye mpini wa mkandaa, na sasa sina kazi ila kukaa barazani na kuulizwa maswali na nyie vijana mliobaki kwenye meko. Swali mnaloniuliza kuliko yote ni hili: kwa nini katika nyumba yetu ya chumvi yai halitiwi kwenye maji makali mpaka kwanza litiwe kwenye maji ya kisima, na kwa nini ukiingia mwezi wa Ramadhani sharti hilo linakazwa maradufu? Mmoja wenu alinong'ona kwamba labda ni mambo ya uganga. Si uganga. Ni mimi.

Nilivyopanda cheo, na nilivyolipwa, sitaandika. Waliopanda vyeo ni wengi na wote wanasimulia wenyewe bila kuombwa. Nitaandika habari za moto, na habari za mtu aliyenifundisha moto, Mama Zafarani, ambaye nyie mnamjua kwa jina la bwawa tu. Mnasema "nenda kachote Zafarani" mkadhani hilo ni jina la shimo. Lilikuwa jina la mwanamke mfupi, mkono wa kushoto umeungua mpaka kiwikoni, ambaye sijapata kuona mtu mwenye akili ya kazi kama yake, wala sitazamii kuona.

Nilifika Saadani miaka michache kabla Wajerumani hawajaja kutuambia kwamba pwani ni yao. Nilitoka Bagamoyo, ambako nilikuwa mtunza ghala la ngozi na sandarusi la Bwana Nasoro, tajiri mwenye nyumba ya chumvi. Ghala la ngozi halina moto. Lina harufu tu, na ukishaizoea harufu umeshajua kazi. Siku moja Bwana Nasoro akaniita, akaniambia, "Shomari, mnyapara wangu wa kuni Saadani amekufa. Nenda ukasimamie moto." Nikasema ndiyo, bwana. Kwa kiburi cha ujana nilijiona najua moto kwa sababu nimekula vyakula vilivyopikwa.

Kazi ilikuwa hivi, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo hata leo. Maji ya bamvua yakishapanda na kushuka kwenye nyika tupu nyuma ya mikoko, jua huacha utando mweupe juu ya udongo. Wanawake huukwangua udongo ule, wakautia kwenye vikapu vya kuchujia, wakamimina maji ya bahari juu yake, na chini yakatoka maji makali. Maji hayo ndiyo yanayochemshwa kwenye makarai mpaka yakauke na chumvi ibaki. Chumvi inafungwa kwenye makanda ya ukindu, inakwenda ghalani, na kutoka ghalani inapanda bara kwa mabega ya wapagazi. Wakulima wa Miono walikuja nao na mahindi yao wakabadilishana. Nilidhani chumvi inatoka baharini. Ilinichukua muda kufahamu kwamba chumvi inatoka kwenye kuni. Bahari haina kikomo, kuni zina kikomo.

Siku yangu ya kwanza niliamuru makarai yote manane yawashwe kwa pamoja. Kila karai lilikaa juu ya mafiga matatu, pande zote wazi, na upepo wa kusi ukipita chini yake. Nilitaka moto unaoonekana, na ulionekana kweli; shangazi yangu Mwanasha, ambaye nilikuwa nakaa kwake, aliuona moshi kutoka mjini akadhani kuna nyumba inaungua. Jioni tulikuwa tumemaliza kuni za siku tatu, karai moja limeungua chini, na chumvi tuliyopata ilitosha makanda mawili yasiyojaa. Wachochea moto hawakuniambia neno. Walikuwa watumwa wa Bwana Nasoro, na mtumwa hamkosoi mnyapara siku ya kwanza. Ni Mama Zafarani tu aliyesogea, akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Bwana mdogo, leo umeupasha moto upepo. Ulikuwa unaona baridi?"

Wengine walicheka kwa kuinama. Mimi sikujua nicheke au nikasirike, maana naye alikuwa mtumwa. Aliletwa pwani akiwa mtoto kutoka upande wa Nyasa, hakukumbuka jina alilopewa na mama yake. Zafarani ni jina la sokoni. Nikamwuliza, kwa sauti ya mnyapara, kama yeye angefanyaje. Kesho yake nilipofika nilikuta amekwisha kufinyanga ukuta wa udongo kuzunguka karai moja, umefika ukingoni, na mlango mdogo upande ambao upepo hautoki. Karai lile lilichemka kabla ya mengine yote, kwa nusu ya kuni. Niliugusa ukuta kwa nje nikaona hauunguzi. Joto lote lilikuwa ndani, linafanya kazi yake. Mpaka leo nikiona jiko lisilo na ukuta najisikia vibaya.

Tuliyajengea makarai yote manane. Halafu akanifundisha kuni: kwamba gogo bichi la mkoko huungua kwa kujikausha kwanza, na kuni unazotumia kuikausha kuni ni kuni ulizozitupa. Kwa hiyo magogo tuliyapasua na kuyapanga ubavuni mwa meko, yakauke kwa joto linalopotea. Kwamba vifuu vya nazi ni vya kuanzishia na makumbi ni ya kumalizia, wakati chumvi inaanza kushuka na moto unatakiwa upole. Aliyasema haya kwa maneno machache, na mara nyingi bila maneno. Alikuwa akipita nyuma ya mchochea moto, anachomoa gogo moja mlangoni mwa jiko, analiweka kando, anakwenda zake. Jiko halikupungua nguvu. Ukilihesabu gogo lile kila siku, kila jiko, mwezi mzima, unaona ni mkoko mzima uliobaki umesimama.

Na mikoko ilikuwa inakwisha. Hilo ndilo lililomleta Bwana Nasoro mwezi wa Shaabani, juu ya punda wake mweupe wa Maskati, uso umekunjamana. Wakata kuni walikuwa wanakwenda siku nzima ndani ya mikondo ya mto Wami kabla hawajapata mti wa kukata, na mitumbwi ilirudi nusu tupu. Alitazama rundo la kuni lililokuwa limetuzidi kimo. Akaingia ghalani, akanyoosha fimbo yake juu.

"Shomari, unaiona boriti ile?"

"Naiona, bwana."

"Kuni hizi ndizo za mwisho nitakazotia hapa. Nitarudi Idi ikipita. Nataka makanda yafike kwenye boriti kwa kuni hizi hizi. Yasipofika, nafunga nyumba, na watu wangu wote nawapeleka Pangani kwenye miwa. Huko kazi haiishi."

Mama Zafarani alikuwa amesimama mlangoni na kanda mkononi. Nilimwona akiliweka kanda chini polepole. Alikuwa na binti mmoja, Faida, mtumwa wa nyumba nyingine pale pale Saadani, na Faida alikuwa mja mzito wa mimba ya kwanza. Kwenda Pangani maana yake ilikuwa kumwacha. Tuliyajua mashamba yale ya miwa kwa habari moja tu, kwamba waliokwenda hawakurudi kusimulia. Mimi ningerudi Bagamoyo kwenye ngozi zangu. Yeye asingekuwa na pa kurudi.

Bwana Nasoro na punda wake walipotokomea, nikamwendea Mama Zafarani. Nikamwuliza, "Tutafika boriti?"

"Kwa moto peke yake hatufiki," akasema. "Tutafika kwa jua."

Hapo ndipo lilipochimbwa bwawa mnaloliita kwa jina lake, na mengine matano. Mabwawa ya kina cha kiganja, yamepigwa udongo wa mfinyanzi chini na kusuguliwa kwa jiwe mpaka yakang'aa. Maji makali hayakwenda tena moja kwa moja kwenye karai. Yalilazwa bwawani, jua na upepo wakanywa maji, chumvi ikabaki inazidi ukali. Siku tatu, nne, tano. Kazi ambayo moto ungeifanya kwa magogo ishirini, jua liliifanya bure, tena bila moshi. Siri ilikuwa kujua siku. Ukiyatoa mapema unachemsha maji matupu. Ukiyachelewesha chumvi inaganda bwawani pamoja na tope. Kipimo chetu kilikuwa ulimi wa Mama Zafarani. Alichovya kidole, akakitia mdomoni, akatazama mbali. "Bado." Au, "Tayari." Sikumwona akikosea hata mara moja. Mwisho wa Shaabani makanda yalikuwa yamepita kifua changu, na rundo la kuni lilikuwa bado linatuzidi kimo. Nililala usingizi mzuri.

Ramadhani ikaandama. Mama Zafarani akaja asubuhi ya kwanza, akasema, "Bwana mdogo, mchana sionji."

Nilikwenda kumwuliza mwalimu wa msikitini. Mwalimu akasema mwenye haja ya kazi aonje kwa ncha ya ulimi na ateme, saumu yake haina neno. Nikarudi mbio na fatwa yangu. Mama Zafarani akanisikiliza kwa adabu.

"Mwalimu anajua dini," akasema. "Lakini chumvi naijua mimi. Chumvi haitemeki yote. Mambo yangu mengi yako mikononi mwa watu, bwana mdogo. Saumu yangu ni yangu mwenyewe. Nitaonja nikishafuturu, nanyi mtachemsha kesho yake."

Lilikuwa shauri jema, na mngemwuliza mtu yeyote mwenye akili angelikubali. Mimi nilikataa. Niliona kungoja ni kupoteza siku. Tena nilikuwa na jambo langu kichwani, ambalo nilikuwa nimelisikia ghalani Bagamoyo kwa karani mmoja wa Kihindi: kwamba kwao hupima maji ya chumvi kwa yai. Likizama, bado. Likielea na kuonyesha kichwa kiasi cha sarafu ya pesa moja, tayari. Na nitasema ukweli wote, maana nimezeeka: ilikuwa inaniuma kwamba mnyapara ni mimi lakini moto unawashwa kwa ulimi wa mtumwa. Nilitaka kipimo changu mwenyewe.

"Yai la lini?" akauliza.

"Yai ni yai," nikamwambia.

Sasa, nyie mnajua mayai yanavyokuwa mwezi wa Ramadhani. Kila mwanamke wa Saadani alikuwa anaweka mayai yake kwa ajili ya mkate wa Idi, tangu Shaabani, chunguni kwenye pumba, na kumwomba yai ilikuwa sawa na kumwomba jino. Nilimbembeleza Shangazi Mwanasha siku mbili.

"Moja tu, Shomari," akasema, akilichomoa chini kabisa ya chungu. "Na hilo ulirudishe. Nimeshayapanga na unga wake."

"Nitalirudisha zima, shangazi."

"Likivunjika, mkate wako utakuwa na tundu, nawe utakula hilo tundu."

Kwa hiyo nililitunza yai lile. Nilikuwa nalo yai moja, nikalifunga kwenye kitambaa, nikalitundika penye kivuli kibandani kwangu pale mekoni, na kila asubuhi nililitoa, nikachota maji ya bwawa kwa bakuli, nikalitia, nikatazama, nikalifuta, nikalirudisha. Siku za kwanza lilizama, likaelea siku ya tatu, nikaamuru washe. Kwenye bwawa la pili likaelea siku ya pili. Baada ya wiki moja likawa linaelea siku hiyo hiyo maji yanapoingia bwawani. Nikafurahi mno. Nikawaambia wachochea moto kwamba jua la mwaka huu halijapata kuonekana. Nikaanza kuwasha mara mbili kwa siku.

Mama Zafarani alikuja kunisemesha mara moja. Alisimama mbele ya karai linalochemka, ameinamisha kichwa.

"Bwana mdogo, jiko linalia."

"Linalia nini?"

"Maji haya mepesi. Mazito hugugumia. Haya yanapiga kelele kama maji ya uji."

Nikamwonyesha yai. Lilikuwa linaelea bakulini, jeupe, limetoka nje nusu nzima. Alilitazama, akanitazama mimi, na nikaona anameza maneno. Nilijua kwamba anaweza kuyasema na nilijua kwamba hawezi kuyasema, na nikalitumia jambo hilo. Akarudi kwenye vikapu vyake. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeunguza makarai, nimezamisha mtumbwi wa kuni na nimepoteza funguo za ghala mara mbili, lakini ninaloona haya nalo ni lile la kumwacha aende.

Kuni zikashuka kimo cha bega, kimo cha kiuno, na makanda ghalani hayapandi. Karai lililokuwa likitoa chumvi kabla ya adhuhuri sasa lilifika alasiri bado linachemka. Nilitafuta sababu pande zote. Nikasema magogo yameingia umande. Nikasema wachochea moto wamelegea kwa saumu. Nikamkaripia Baraka, mchochea moto mzuri kuliko wote, mtu ambaye hajapata kulala kazini. Kila kitu nilikishuku ila yai.

Siku ya ishirini na mbili ya mfungo, Shangazi Mwanasha akataka yai lake. Alikuwa anajaribu mkate mmoja mdogo kwa futari, aone kama tanuri lake linafaa kabla ya Idi. Nikampelekea kitambaa changu kwa heshima zote. Alikuwa amekaa ukumbini na majirani wawili, bakuli la mayai matano yaliyokwisha kuvunjwa liko mbele yake, sukari imeshatiwa. Akalipasua yai langu juu yake.

Sitaeleza ile harufu. Jirani mmoja alitoka kwa mlango, mwingine kwa upenyo wa uani, na shangazi akabaki ameshika ganda mkono mmoja na pua mkono wa pili.

"Shomari!" akapiga kelele. "Yai viza! Umeniharibia mayai matano kwa yai viza! Hili hata kwenye mtungi wa maji ya kunywa lingeelea!"

Watu wa nyumbani walicheka siku mbili. Mimi sikucheka. Nilisimama pale pale ukumbini, na lile neno lake la mwisho likanipiga. Nikachukua yai moja lililotagwa asubuhi ile na kuku wake, bila kuomba, nikakimbia mpaka mabwawani. Nikachota bwawa la kwanza, yai likazama. La pili likazama. Mabwawa yote sita, likazama puu, likalala chini kwa ubavu. Kwa karibu siku ishirini nilikuwa nachemsha maji yaliyozidi kidogo tu yale ya bahari. Nikageuka nikaliona rundo la kuni: limefika magotini. Makanda yalikuwa katikati ya ukuta. Siku zilizobaki mpaka Idi zilikuwa saba au nane, kwa kuandama kwa mwezi.

Mama Zafarani alikuwa anakwangua udongo peke yake nyikani. Nilimkuta nikiwa natweta, yai mkononi.

"Limezama," nikamwambia. "Yote yamezama. Yai langu lilikuwa viza. Uliniuliza la lini, nikakujibu kipumbavu."

Hakusema "nilikuambia." Aliketi chini juu ya udongo, miguu ameinyoosha, akatazama upande wa Saadani, ambako Faida alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua. Halafu akauliza, "Zimebaki kuni gani?"

"Za magotini."

"Zima moto."

"Nizime?"

"Makarai yote. Maji yote yarudi bwawani. Usiwashe hata kijinga cha moto mpaka niseme."

Vijana, hamjui hofu ya mnyapara mwenye makarai manane baridi na siku saba mkononi. Kila kitu ndani yangu kilisema washa. Lakini nilizima. Maji tuliyabeba kwa mitungi kurudi bwawani, na wachochea moto, kwa kuwa hapakuwa na moto, waliingia nyikani kukwangua pamoja na wanawake. Kabla ya jua kuzama tuliyafunika mabwawa kwa makuti umande usiingie, asubuhi tukayafunua. Nyufa zote za kuta za meko tukaziziba kwa udongo mpya. Magogo yaliyobaki tukayapasua vipande vyembamba kama vidole vya mguu, tukayaanika juani. Na kila siku, adhana ya magharibi ikishalia, Mama Zafarani alikula tende moja, akanywa maji, akaenda bwawani, akachovya kidole.

"Bado."

Kesho yake, "Bado." Na kesho yake, "Bado." Ikawa hivyo mpaka mwezi ukaandama. Siku ya Idi mosi watu wamevaa kanzu zao, mkate wa shangazi umefanikiwa bila msaada wangu, Mama Zafarani alikwenda bwawani mchana kweupe na nguo yake ya sikukuu. Kingo za bwawa zilikuwa zimeanza kuota chembe nyeupe. Alichovya, akaonja, akafumba macho.

"Tayari," akasema. "Kesho alfajiri."

Bwana Nasoro alifika Idi pili, jua likiwa limepanda kidogo, moto umeshika ndani ya meko. Hakushuka kwenye punda. Aliyatazama magogo machache yaliyobaki.

"Hizi ndizo kuni zangu?"

"Ndizo, bwana."

"Hazitoshi uji wa watu hawa." Akashuka, akaenda ghalani, akarudi. "Nani amezila kuni zangu?"

Wote waliinamisha vichwa. Baraka alikuwa karibu nami, nilisikia pumzi zake. Kama ningesema wachochea moto walilala kwa saumu, angeniamini. Ndivyo wanavyosema wanyapara wote.

"Mimi, bwana," nikasema. Nikamweleza yai lote, tangu chungu cha shangazi mpaka bakuli la mkate. Nikamweleza nani alinionya, na nani alikuwa anafanya kazi kwa ulimi wake Shaabani nzima. Alinisikiliza bila kubadilika uso.

"Mwezi mzima," akasema, "kwa yai."

"Ndiyo, bwana. Lakini ukae mpaka adhuhuri, uone kazi ya Mama Zafarani."

Sijui kwa nini alikaa. Labda punda alikuwa amechoka. Akaletewa kiti, akaketi kivulini. Mama Zafarani alipita kutoka jiko hadi jiko, akachomoa kijiti hapa, akasukuma kingine pale. Makarai yalikuwa yanagugumia, sauti nzito, ya chini. Kwa mara ya kwanza nami niliisikia tofauti. Hata adhuhuri haijafika, chumvi ilianza kushuka kwenye karai la kwanza, halafu la pili, nyeupe, nyingi, upawa unasimama wenyewe. Bwana Nasoro aliinuka kitini. Akalichungulia jiko, akaona kuni zinazowaka chini hazizidi za kushika kwa mkono mmoja. Hakuondoka. Alikaa siku tatu, na kwa siku tatu tulichota mabwawa yote sita mpaka kwenye udongo.

Kuni zilipokwisha kabisa tuliingia naye ghalani. Makanda hayakufika kwenye boriti. Palibaki dhiraa moja.

"Nilisema boriti," akasema.

"Dhiraa hiyo ni ya yai langu, bwana," nikamjibu. "Si yao. Ukate kwangu."

Aliinua fimbo yake, akagusa boriti, akaishusha mpaka kwenye kanda la juu. Mama Zafarani alikuwa mlangoni, mahali pale pale aliposimama Shaabani. Mwishowe Bwana Nasoro akasema nyumba haifungwi, kuni nyingine zitakuja, na kuanzia kesho moto utawashwa na kuzimwa kwa neno la Zafarani. "Na wewe Shomari," akasema, "utabeba kuni." Nilibeba kuni kwa mwaka na nusu. Ilikuwa adhabu, na yote ninayoyajua kuhusu kazi hii niliyajua kwa kubeba zile kuni nyuma yake.

Nimalizie na asubuhi iliyofuata hukumu ile. Lazima mjue kwamba siku zile shikamoo haikuwa ya umri kama ilivyo leo. Ilikuwa ya cheo. Mtumwa ndiye aliyemwamkia mwungwana, hata kama mwungwana ni kijana aliyeota ndevu juzi. Kila asubuhi tangu nilipofika, Mama Zafarani, mwenye umri wa mama yangu, alikuwa amenishika miguu kwa neno hilo, nami nilikuwa nimeitikia bila hata kumtazama.

Asubuhi ile nilifika na mzigo wangu wa kwanza wa kuni kichwani. Wote walikuwapo, wachochea moto mbele ya meko yao, wanawake na vikapu. Nikamwona anageuka, anafungua kinywa kuniamkia. Nikautupa mzigo chini nikamwahi.

"Shikamoo, Mama."

Baraka aliangusha upawa. Wanawake waliacha kumimina. Mama Zafarani hakunitazama. Aliinama kwenye bwawa, akachovya kidole, akakionja taratibu, akatazama mbali upande wa mjini kwa Faida, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya watu, nangoja, sijui kama nitapewa jibu.

"Marahaba," akasema. "Haya, leta kuni. Maji yako tayari."